Matufaha ya Nyongeza

Bwana Mikami, mwenyekiti wa ushirika, alikuja kwa miguu. Mtu mwenye gari akiliacha gari lake nyumbani na kukanyaga theluji ili akutazame usoni, ujue hana la kheri. Mitsue Kasai alimwona kutoka dirisha la jikoni akikung'uta viatu mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akajua moja kwa moja kwamba mzigo wa Taiwani umeingia doa.

Akamkaribisha ndani. Mumewe, Norifumi, alikuwa ameketi kwenye meza fupi yenye blanketi la kufunika miguu na kipasha joto chini yake, na upande wa pili mama yake, Bibi Toyo, alikuwa akimenya tufaha, ganda lote likishuka kwa utepe mmoja bila kukatika. Bibi alikuwa na miaka themanini na tano na bado hakuna aliyemshinda kumenya.

"Kasai, sijui nianzie wapi," alisema Bwana Mikami.

"Anzia mwisho," alisema Norifumi.

"Wamekuta funza. Bandarini kule Taiwani. Wakaguzi wamefungua sanduku, wamepasua tufaha, funza yumo ndani anatembea. Sanduku lina namba ya banda lenu la kufungashia."

Mitsue aliyekuwa anamimina chai aliacha kikombe nusu.

"Kwa hiyo mzigo wote umezuiwa," aliendelea Mikami, akiteremsha sauti kwa ajili ya mama mzee. "Si wenu peke yenu. Wa kundi zima. Nimeongea nao asubuhi. Wanataka kujua funza katokea wapi. Kama katokea shambani, mashamba yetu yote yanafungiwa mpaka wayakague upya, na hilo ni la mwakani. Kama kaingia kwa njia nyingine, tuwaeleze njia gani. Aliyekosea atatolewa, wengine waendelee."

"Na meli?"

"Meli ya mwisho kabla ya sikukuu zao inaondoka wiki ijayo. Ikituacha, tumekwisha. Mkutano ni kesho mchana. Njoo na jibu, Kasai. Nakuomba kama rafiki, njoo na jibu lolote lenye maana."

"Kuna nini?" aliuliza Bibi Toyo, kisu kimetulia mkononi.

"Hakuna kitu, mama. Mambo ya meli," alisema Norifumi.

Kijiji kile cha Aomori kiliishi kwa mwaka mpya wa watu wengine. Mwaka mpya wa Wachina ulipokaribia, watu wa Taiwani walinunua matufaha makubwa mekundu, makubwa kiasi cha kujaza mikono miwili, wakapelekeana zawadi, na kwa zawadi mtu haulizi bei. Tufaha hilo hilo likibaki Japani linakuta masoko yamefurika, na lisiponunuliwa linakwenda kukamuliwa juisi kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kila tunda lilivalishwa mfuko wa karatasi likiwa bado dogo mtini, mmoja mmoja kwa mkono, maelfu kwa maelfu, likavuliwa baadaye ili jua lilipake rangi, likageuzwa ili lisibaki na upande mweupe. Wake za kijiji walizeekea kwenye ngazi za kazi hiyo. Halafu mdudu mmoja asiyefikia ukucha anafunga bahari.

*

Mitsue alimfuata mumewe ghalani. Baridi ya mle ilikuwa ya kupangwa na mashine na ilikuwa nafuu kuliko ya nje. Norifumi alikuwa anapita baina ya makasha akiyapapasa, sijui akitafuta nini.

"Shamba letu ni safi," alisema bila kugeuka. "Dawa nimepiga kwa ratiba. Mifuko ilifungwa vizuri. Huyo funza si wetu."

"Ni wetu," alisema Mitsue.

Akamweleza. Siku alipokuja Bwana Liao, mnunuzi kutoka Taiwani, kutazama wanavyofungasha, mama alikuwa amekaa bandani, amevaa kilemba safi, anatabasamu. Mgeni akasifu kila kitu. Akanywa chai, akala kachumbari ya figili, akamwambia mama kwamba mtoto wake wa mwisho anapenda matufaha mpaka anakula na mbegu. Mama akatoka nje, akarudi na matufaha kwenye aproni, yale ya mti wa nyuma ya nyumba. Sanduku la mwisho lilikuwa wazi bado, lina nafasi kidogo. Akayapachika mle, moja moja, akayavisha soksi za sponji za kuyakinga kama mengine, akampigia mgeni goti. Nyongeza ya mtoto, alisema.

Mti ule aliupanda marehemu mzee. Haukupigwa dawa hata mara moja, kwa sababu Chihiro, binti yao, alipokuwa mdogo alikuwa anakula matunda yake akiwa juu ya matawi. Chihiro sasa yuko Sendai, ana kazi ya ofisini, na mti umebaki na desturi yake.

"Ulimwona?" aliuliza Norifumi.

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza."

"Ulitaka nifanyeje? Nimwambie mama yako mbele ya mgeni, toa hiyo zawadi, ina wadudu? Nilisema moyoni nitayatoa akiondoka. Lori likaja mapema, mgeni akataka chai nyingine, na wewe ndiye uliyeniita niilete."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli na Norifumi alilikumbuka, maana aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzuri, Norifumi, wa wale watu wazuri ambao uzuri wao hulipiwa na mtu mwingine.

"Tuseme hatujui," alisema.

"Tukisema hatujui, watasema ni shambani. Mashamba yote yanafungiwa. Jirani yetu Nara amemtoa mwanawe Tokyo kwa ahadi ya hela za Taiwani. Kijana ameacha kazi, ameleta mke na mtoto. Utamtazamaje Nara?"

"Na mama nitamtazamaje? Nusu ya wanaume wa kijiji hiki wamefundishwa kupogoa na baba, na wake zao wamefundishwa kuvisha mifuko na mama. Wanamwita mwalimu. Sasa nisimame nikaseme mwalimu wenu ndiye aliyeweka funza ndani ya sanduku?"

Mumewe alimwinulia macho, akayateremsha, akamwinulia tena. Miaka thelathini ya ndoa inatosha kusoma mtu bila herufi. Alijua anaombwa nini, na alijua hataombwa kwa mdomo.

"Wewe ndiye unayesimamia kufungasha," alisema Norifumi hatimaye, kana kwamba anajadili hali ya hewa.

Mitsue alipandwa na hasira. Alitaka aseme kwamba alikuja nyumba hii akiwa msichana, akaamshwa kabla ya kuku, akaonja supu ya mama mkwe na kuambiwa ya kwake ina chumvi ya baharini, na kwamba amevumilia yote hayo na hakudai kitu. Lakini alichosema ni kwamba wali utaungua, akarudi jikoni.

*

Ukumbi wa kijiji ulikuwa na jiko moja la mafuta na kila mtu alitaka kukaa karibu nalo. Siku ile watu waliiacha nafasi ya karibu na jiko ikawa wazi kwa ajili ya akina Kasai, na heshima ya namna hiyo inauma kuliko kofi. Norifumi alikaa. Mitsue hakukaa. Alipiga magoti kwenye mkeka, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa.

"Kosa ni langu," alisema. "Sanduku la mwisho lilikuwa na pengo. Niliona aibu kulipeleka hivyo. Nikachuma matufaha ya mti wa nyuma ya nyumba nikajazia. Mume wangu hakujua. Mashamba yenu hayana kosa, na letu halina. Nisameheni."

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Nara, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa mbwa.

"Mti wa nyuma. Ule usiopigwa dawa?"

"Ndiyo."

"Mama Chihiro, una miaka mingapi kwenye matufaha?"

"Mingi."

"Mingi," alirudia Bwana Nara. "Mimi nimemwambia mwanangu, njoo, huku kuna watu wanaojua kazi. Nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu."

Ingekuwa afadhali angetukana. Nyuma kwenye kundi la wanawake mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa kusikika, "Si wa huku yule, katoka pwani kwa wavuvi wa ngisi." Mwenzake akajibu kwamba ndiyo maana, ngisi hawana funza, angejulia wapi. Wakacheka puani. Mitsue alisikia kila kitu akiwa bado ameinama, na aliona vizuri nyuzi za mkeka zilivyosukwa.

Bwana Mikami alihema kama mtu aliyetua gunia. Alikuwa na jibu sasa, na jibu lilikuwa la manufaa kwa wote isipokuwa waliolileta. Akasema atapiga simu Taiwani jioni hiyo hiyo, akasema anashukuru kwa ukweli, na kwamba kwa masikitiko makubwa banda la Kasai linatolewa kwenye kundi. Kurudi, tutaona huko mbele. Akaangalia saa. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Njiani Norifumi alitembea hatua moja nyuma ya mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Asante," alisema.

"Usinishukuru," alisema Mitsue. "Ukinishukuru nitageuka nirudi kule ukumbini."

*

Taiwani walikubali. Wakaguzi walitaka picha za mti, picha zikapelekwa, Norifumi akaukata mti kwa msumeno na picha za kisiki zikapelekwa pia. Bibi Toyo aliambiwa mti umeoza ndani. Lori la ushirika likapita nyumba kwa nyumba kukusanya mzigo wa meli ya mwisho. Kwa Kasai halikusimama, dereva akapiga honi kidogo ya salamu, akaona aibu, akaongeza mwendo.

Matufaha yao yakapelekwa kiwanda cha juisi. Mitsue ndiye aliyeendesha, kwa kuwa Norifumi alisema ana mafua. Kule kiwandani matunda humwagwa kwenye shimo la zege na maji huyasukuma, yakigongana, mengi yakiwa yameoza upande au yamepigwa na mvua ya mawe. Kijana wa zamu alifungua kasha la Mitsue, akaona yale mekundu makubwa, yamepangwa kwa saizi, yanang'aa, akadhani amekosea njia.

"Mama, haya ni ya zawadi haya. Umepotea?"

"Sijapotea. Mwaga."

"Yote?"

"Mwaga, mwanangu, nina kazi nyumbani."

Kijana akamwaga, akigeuza uso pembeni. Hela aliyopewa Mitsue dirishani, ukitoa mafuta ya lori na bei ya ile mifuko ya karatasi, haikubakisha cha kusema. Aliitia mfukoni bila kuitazama. Aliporudi alikuta Bibi Toyo amevaa kimono chake cha kijivu cha misibani na harusini, nywele zimechanwa, na kwenye mkeka maboksi ya keki kutoka duka zuri la mjini, kila moja na karatasi yake.

"Nimemtuma Norifumi akanunue," alisema bibi. "Ya ukumbini nimeyasikia. Mtu akikosea hakai ndani. Vaa nguo ya heshima. Tunakwenda kuomba radhi."

"Mama, nje kuna barafu."

"Nimezaliwa kwenye barafu. Vaa."

Norifumi alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kutengeneza ngazi huko ghalani, mafua na yote. Hawakumuaga.

Wakaenda, mwanamke mzee ameshika fimbo, mkwe amebeba keki. Kila nyumba ilikuwa vile vile. Mlango ukifunguliwa, bibi hupiga hatua mbele, huinama mpaka kiuno kikatae, husema kwa sauti yake ya ualimu, "Huyu mkwe wangu ametutia aibu. Ametoka kwa wavuvi, matufaha hakukulia nayo. Kosa ni langu mimi, sikumfunza vya kutosha. Naomba mmvumilie." Nyuma yake Mitsue huinama chini zaidi, maana hawezi kuwa juu ya mama mkwe. Mwenye nyumba hukimbilia kumwinua bibi. Jamani bibi, mwalimu wetu, kwa umri huu, kwenye theluji hii. Huletwa chai, huletwa mto, bibi hukalishwa. Mitsue hupewa kikombe mwishoni. Katika nyumba moja walisahau kumpa, na katika nyingine mama mwenye nyumba alimwambia bibi, Mitsue akiwa pale pale, "Una bahati mbaya ya mkwe, bibi, lakini una moyo."

Mitsue hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alikuwa akifikiria miguu yake, na supu ya jioni, na kwamba ikifika majira ya mifuko mwakani hakuna mke atakayekuja kumsaidia kwenye ngazi.

Ilipobaki nyumba ya Nara, bibi alisimama chini ya paa la kituo cha basi. Mitsue akapangusa benchi, akamkalisha.

"Tupumzike, mama. Tukitaka hii tuiache mpaka kesho."

"Hii haiachwi. Nara ndiye aliyeumia." Bibi alivuta pumzi. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mti haukuoza. Nimekiona kisiki. Cheupe mpaka katikati."

Mitsue alimgeukia.

"Unadhani masikio yangu yamekufa?" alisema bibi. "Mikami aliteremsha sauti, nikasogeza sikio. Nilijua siku ile ile. Nitakosaje kujua, na mimi ndiye niliyeyaweka?"

"Kwa hiyo ulijua. Nyumba zote hizi."

"Nilijua."

"Na ukawaambia sikufunzwa."

"Ningewaambia nini? Mimi leo nipo, mwakani sipo. Nikiondoka na jambo hili, watalitaja kwenye msiba wangu, na sitakuwepo kulifuta. Wewe una miaka ishirini mbele. Utainama, utavisha mifuko, watasahau. Watu husahau makosa ya walio hai, wanawaona kila siku." Alitafuta fimbo yake. "Nisimamishe. Wasije wakala chakula cha jioni kabla hatujafika."

Mitsue alimsimamisha. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, kwa mazoea, ikamshika chini ya kwapa, ikamnyooshea kola ya kimono. Ndani ya kifua chake mlikuwa na kitu kizito ambacho alikuwa amekibeba siku zote hizi akidhani anambebea mzee asiyejua. Alijiona mjinga. Lililomuuma lilikuwa hilo zaidi ya uongo wenyewe, kwamba hakuachiwa hata ule wema wake.

Bwana Nara alifungua mwenyewe, bado amevaa buti za kazi. Nyuma yake mjukuu alikuwa analia, na sauti ya mama yake ikimbembeleza. Hakuwakaribisha ndani, wala hakufunga mlango.

Bibi Toyo akapiga hatua mbele, akainama. "Bwana Nara. Huyu mkwe wangu ametutia aibu. Ametoka kwa wavuvi, matufaha hakukulia nayo."

Akangoja. Kila nyumba, mahali hapo hapo, alikuwa akisikia mchakacho wa koti la Mitsue akiinama nyuma yake. Safari hii hakusikia kitu.

Mitsue alikuwa amesimama wima, boksi la keki mikononi, anamtazama Bwana Nara machoni. Hakuwa na kiburi usoni. Alikuwa amechoka, basi, na mgongo wake ulikuwa umekataa. Theluji ilimwangukia begani na hakuipangusa.

Bwana Nara alimtazama yeye, akamtazama mzee aliyekunjika mbele yake, akarudi kwake tena. Hakuwa mtu mwepesi wa maneno, lakini alikulia mita chache kutoka kwenye ule mti, na alimjua aliyekuwa akichuma matunda yake na kuwapa watoto wa kijiji kila walipopita, wakitaka wasitake.

"Bibi, inuka," alisema. "Mgongo wako."

Bibi hakuinuka.

"Mama Chihiro," alisema Bwana Nara taratibu. "Yale matufaha aliyaweka nani?"

Mitsue alikuwa na jibu la ukumbini, tayari ulimini, na lilikuwa rahisi kwa kuwa lilishatumika. Hakulitoa. Mtoto ndani alinyamaza, na Mitsue na Bwana Nara wakasimama pale wakimsubiri mzee aseme mwenyewe.

"Yule bwana alikuwa ametoka ng'ambo," alisema Bibi Toyo, akiwa bado ameinama, akiiambia theluji. Sauti ya ualimu ilikuwa imemwisha. "Amevuka bahari kuja kutazama kazi ya mikono yetu. Ningemwachaje aondoke na alivyolipia tu?"

Fimbo ilianza kumteleza. Mitsue aliweka boksi chini kwenye kizingiti, akasogea mpaka wakawa sambamba, akamshika mama mkwe kiwiko, na ndipo naye akainama.